Siku Nilipomtoa Beberu wa Nkwabi

Maziwa yangu yalianza kunuka Jumatatu, na ilipofika Alhamisi Violeth akanipigia simu kunitukana kwa adabu.

"Mbuke mdogo wangu, mimi nakupenda, unajua. Lakini leo mteja kamimina maziwa kwenye kikombe, kanusa, kaniuliza kama nimechemshia soksi humo. Soksi, Mbuke! Mbele za watu!"

Violeth ana mgahawa Shinyanga mjini, karibu na stendi, na yeye ndiye aliyekuwa akichukua karibu maziwa yangu yote. Kina mama wenye watoto wanaosumbuliwa na maziwa ya ng'ombe walikuwa wameshamzoea, wanakuja na vichupa vyao asubuhi. Akanipa wiki moja. Yakija tena yananuka, akasema, nisihangaike kuyapeleka, niyanywe mwenyewe.

Nikakaa chini pale pale mlangoni mwa banda. Nilikuwa na mbuzi wa maziwa saba, weupe, masikio yamesimama kama wanasikiliza umbea, niliowakusanya mmoja mmoja kwa miaka mitatu tangu nirudi Samuye kutoka migodini. Banda nililijenga juu ya nguzo, sakafu ya mbao zilizoachiwa nafasi ili samadi idondoke chini na wao walale pakavu. Mbuzi hao ndio kitu pekee hapa duniani ambacho mtu akiuliza ni cha nani, jibu ni Mbuke. Nyumba ni ya mayu, mama yangu. Ngitili, lile eneo la majani ambalo marehemu baba alilizungushia miiba ili lisichungwe mpaka kiangazi kikali, ni la ukoo. Mbuzi ni wangu.

Nilipoanza walinicheka kijiji kizima. Msukuma anakamua ng'ombe, jamani, mbuzi anachinjwa mgeni akija. "Mwanamke mzima unachuchumalia mbuzi!" walisema. Nikawaacha wacheke. Sasa maziwa yananuka, na wale wale waliocheka wangecheka mara ya pili.

Nilisugua ndoo kwa majivu, nikasugua kwa sabuni. Nikabadilisha kitambaa cha kuchujia. Nikaosha viwele kwa maji ya uvuguvugu mpaka mbuzi wenyewe wakachoka na mimi. Maziwa yakanuka. Mayu akasema nimerogwa. Mimi nikampigia Davis, bwana mifugo wa kata, kijana mpole ambaye hajawahi kunicheka.

"Dada Mbuke, una dume?"

"Ninalo. Nimeletewa wiki tatu zilizopita."

"Analala wapi?"

"Si na wenzake! Alale wapi tena?"

Siku hiyo naye akacheka. "Basi ndiyo hiyo harufu. Beberu akianza kutaka majike anajikojolea ndevu, halafu anakwenda kujisugua kwao. Maziwa yanavuta harufu upesi sana. Mtoe, akae mbali kabisa. Jike likihitaji dume unalipeleka huko."

Jamani, nani angenifundisha hilo? Sisi ni watu wa ng'ombe. Fahali analala na ng'ombe wake tangu enzi za babu, hakuna aliyewahi kumtenga, na maziwa hayajawahi kumkosea mtu. Mimi nilidhani mbuzi ni ng'ombe mdogo.

Ijumaa asubuhi nikamfunga kamba yule beberu. Vumilia, jirani yangu wa ng'ambo ya mbuga, alikuwa na zizi tupu, akakubali kunihifadhia. Kosa langu lilikuwa moja tu: Ijumaa ni siku ya gulio. Nikamburuza beberu mweupe, mwenye ndevu kama katekista, katikati ya watu wote wa Samuye na vijiji vya jirani.

"Mbuke, kulikoni?" akauliza mama anayeuza viazi vitamu pale barabarani. "Huyo si yule aliyeletwa na mgeni wa Runzewe?"

Nilikuwa na joto, kamba inanikata mkono, na beberu amegoma kuvuka mfereji. "Ndiye," nikajibu kwa sauti. "Simtaki tena zizini kwangu!"

Mama wa viazi akashika mdomo. Sikumjali, nikaendelea na safari.

Jioni mayu alirudi kutoka gulioni hata mzigo hajautua. "Ng'wanawane, mwanangu, umefanya nini?"

"Nimefanya nini, mayu?"

"Umemtoa mnyama wa Nkwabi. Mchana. Watu wanaona."

"Ananuka, mayu. Bwana mifugo amesema..."

"Achana na bwana mifugo! Mnyama wa mchumba akishapokelewa kamba na kulala zizini, tumekubali. Akitolewa mchana, tumekataa. Kila mtu mzima hapa anajua hivyo. Wewe ulikuwa wapi tulipokuwa tunakulea?"

Nikacheka, maana sikuelewa. "Mchumba gani? Nkwabi alileta dume la kupandisha."

Mayu akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama aliyepitiwa na basi akiwa amesimama kituoni. "Alileta dume jeupe lisilo na doa, akavaa shati la mikono mirefu, akapita mbele yako, akanikabidhi kamba mimi kwa mikono miwili. Ulidhani ananiletea supu?"

Loh! Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilihitaji kuambiwa. Nilikuwa nimeposwa, nimekubali na nimekataa, yote bila kujua.

Usiku ule nililia, nasema ukweli. Nililia kwa sababu nilimtaka Nkwabi. Nilikuwa nikimtaka tangu Runzewe, nilipokuwa nawapikia wachimbaji karibu na karasha lake, ile mashine yake ya kusaga mawe ya dhahabu. Wenzake walikuja kula wakipiga kelele. Yeye alikuja wakishaondoka, anakaa kwenye gogo, anakula ugali na dagaa polepole, vumbi la mawe limemjaa hadi kwenye kope. Hakunitania hata siku moja. Alinitazama tu, na mimi nikimwangalia anaangalia sahani. Miezi minane tulitazamana hivyo. Niliporudi Samuye alianza kunitembelea kila mwezi kwa visingizio: mara anapita kwenda Shinyanga kununua mkanda wa mashine, mara amepoteza njia. Kutoka Runzewe! Amepotea njia mara kumi na saba.

Alifika Jumamosi mchana. Nilikuwa nakata matawi ya lusina ya kuwalisha mbuzi, nikasikia bodaboda kutoka stendi imesimama nje ya ua. Alimsalimia mayu kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Yuko bandani," mayu akasema, akaingia ndani haraka haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Nkwabi akaja akasimama mlangoni mwa banda. Ni mwanamume mkubwa, mzito wa maneno, na siku ile alikuwa bado na nguo za kazi. Hakuwa amelala, macho yalisema.

"Nimesikia nikiwa kwenye karasha," akaanza. "Kijana mmoja wa Samuye anafanya kazi kwangu. Akaniambia, bosi, pole sana, nasikia umerudishiwa mnyama."

"Nkwabi, ngoja nikueleze."

"Ungeniambia kwa mdomo wako, Mbuke. Mimi si mtoto. Ungesema, Nkwabi, hapana, ningeelewa. Lakini kunitembeza gulioni!"

"Sikukutembeza wewe, nilimtembeza beberu."

"Tofauti yake nini?"

Niliona kueleza hakutasaidia. Nikachukua kidumu kilichokuwa na maziwa ya Alhamisi, yale ambayo Violeth alinirudishia, nikafungua mfuniko. "Nusa."

"Sitaki maziwa."

"Nkwabi, nusa!"

Akainama, akanusa. Uso wake ulivyokunjamana, haki ya Mungu, sitausahau. Akarudi nyuma hatua mbili, akagonga kichwa kwenye nguzo. "Nini hiki?"

"Posa yako."

Nikamweleza kila kitu: Violeth, soksi, Davis, ndevu za beberu. Mwanzoni alijikaza. Nilipofika kwenye ndevu, bega likaanza kumtikisika, halafu akakaa chini kwenye majani na kucheka mpaka machozi yakamchora mistari kwenye vumbi la mashavu. Nami nikacheka. Tulicheka kama wendawazimu, na mbuzi wakaacha kula wakatutazama.

Kicheko kilipoisha nikajikuta nimekaa karibu naye, na mkono wangu uko ndani ya mkono wake. Sijui nani aliuweka. Mkono wake ulikuwa mgumu.

"Kwa hiyo hujanikataa," akasema.

"Ningekukataaje? Sikujua hata kama nimeombwa. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Nilileta dume."

"Ulimuuliza mama yangu."

"Ndivyo inavyofanywa."

"Najua. Sasa niulize na mimi."

Nikamwona anatafuta maneno kama anavyotafuta spana iliyodondokea kwenye mafuta. "Mbuke," akasema mwishowe, "mimi nimechoka kupotea njia. Nataka nikitoka kazini nikukute. Nataka tuzeeke, uwe unanigombeza. Ukikubali."

Moyo wangu, jamani. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimeachika, nina harufu ya beberu mpaka kwenye nywele, na mtu niliyemtamani miaka yote hiyo alikuwa ananiomba nimgombeze mpaka uzeeni. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

"Na usiwe na wasiwasi kuhusu mbuzi," akaongeza kwa furaha. "Nimeshawaandalia nafasi. Zizi la nyumbani kwa mama ni kubwa, wataenea wote."

Nikafunga mdomo.

"Mbuzi gani?"

"Hawa."

"Nani amesema hawa wanahama?"

Furaha ikaanza kumtoka usoni, taratibu. "Si tukioana utakuja Runzewe? Mama aliuliza utakuja na nini. Nikamwambia una mbuzi saba wa maziwa. Kusema kweli, mama alikuwa hataki. Alikuwa anasema mwanamke aliyepika migodini, aliyeachika, umri umeenda. Niliposema mbuzi akalainika kidogo. Akasema basi sawa, waingie zizini kwetu na wa nyumbani, wawe wa nyumba nzima."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Akatazama chini.

"Nkwabi, ulimjibu nini?"

"Nikasema sawa, mama."

Nikauondoa mkono wangu. Sikuuondoa kwa hasira, niliuondoa tu, nikasimama, nikaendelea kugawa matawi ya lusina kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

"Unajua habari za Masele?" nikamuuliza. Masele alikuwa mume wangu.

"Najua mliachana."

"Baba yangu alinipa ng'ombe wanne nilipoolewa. Alisema hawa ni wako, mwanangu, ukipata shida usihangaike kwa mtu. Wakaingia zizi la akina Masele. Mwaka wa pili Masele akapata wazimu wa dhahabu, akaingia ubia wa kuchimba duara, shimo la dhahabu, kule Geita. Nikarudi kutoka kisimani nikakuta zizi lina nafasi. Nikauliza, ng'ombe wangu wako wapi? Akashangaa! Alishangaa kweli kweli, Nkwabi, wala hakuwa anaigiza. Akasema, wako? Wewe si mke wangu? Duara lilikwenda chini miezi sita, likatoa maji na udongo. Baba alikufa bila kujua. Nilimficha. Kila alipouliza hali ya ng'ombe nilimwambia wamezaa."

Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata mayu.

"Mimi si Masele," Nkwabi akasema kwa upole.

"Najua. Masele naye hakuwa Masele siku ile ananioa."

"Sitauza hata mmoja. Nakuapia."

"Wewe hutauza. Lakini ukitokea msiba? Mdogo wako Sostenes akitaka kuoa, mahari ikapungua? Mnyama akiwa kwenye zizi lenu ni wa kwenu, na mimi sitamlaumu mtu kwa hilo, ndivyo tulivyo. Nakuuliza wewe. Siku hiyo wazee wamekaa, mama yako amekaa, wananyoosha kidole kwa mbuzi wangu. Utasimama useme huyu ni wa mke wangu, asiguswe?"

Akafikiri. Mwanamume mwingine angesema ndiyo haraka, nami ningemwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Yeye alifikiri mpaka nikasikia mbuzi wanatafuna.

"Sijui kama nitaweza," akasema.

Nilimpenda kwa jibu hilo, na jibu hilo hilo likanichoma. Yote mawili kwa pamoja, sijui kama mnanielewa.

"Basi watabaki hapa," nikasema.

"Kwa hiyo unachagua mbuzi kuliko mimi."

"Hapana! Usiniwekee maneno mdomoni. Mimi nawataka wote, wewe na mbuzi. Wewe na mama yako ndio mnaoniambia nichague."

"Mbuke, ni mbuzi tu!"

"Kama ni mbuzi tu, mbona mnawataka?"

Alitembea mpaka kwenye uzio wa ngitili akasimama huko, amenipa mgongo, anatazama majani makavu. Nilitamani nimfuate. Miguu ilitaka kwenda, nasema kweli, nikaishikilia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa mara ya kutosha.

Akarudi ameshika simu. Alikuwa amepiga, akaweka sauti ya nje, akaiinua katikati yetu.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Umemkuta huyo mwanamke? Amesemaje?"

"Niko naye hapa, mama. Anakusikia."

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. Kwa mtu mzima kutoitikia shikamoo ni kama kukufungia mlango ukiwa na mguu ndani.

"Mama," Nkwabi akaendelea, na nikaona jasho linamshuka kwenye shingo, "nilikwambia mbuzi watakuja. Nilikosea. Hawaji. Ni wa Mbuke, watabaki hapa Samuye. Na yeye atabaki nao, kwa sababu wanakamuliwa asubuhi na jioni. Mimi ndiye nitakayehamia huku. Karasha litasimamiwa na Sostenes, nitakuwa nakuja kuliangalia."

"Utahamia wapi?"

"Samuye."

"Kwa mwanamke?"

"Kwa mke wangu, mama."

"Watu watasema umefuata sketi, mkubwa mzima."

"Watasema."

Kisha ile sauti ikaja kwa chini, imekauka. "Haya. Nimesikia." Simu ikakatika.

Nkwabi akaendelea kuishika hewani. Mimi niliogopa. Nilikuwa nimepata nilichokidai, na sasa niliiona bei yake usoni kwa mtu ninayempenda. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kitu kama kile. Wala sikutaka kuingia kwenye ndoa nikiwa nimesimama juu ya machozi ya mama wa mtu.

"Rudi nyumbani," nikamwambia.

"Unanifukuza? Baada ya haya?"

"Sikufukuzi. Basi la Kahama bado lipo, liwahi. Kakae na mama yako umweleze uso kwa uso. Maneno kama haya hayaachwi kwenye simu."

"Na akikataa?"

"Utakuwa umemweleza. Nikikukaribisha leo, mama yako atasema nimekuteka. Na wewe mwaka ukipita tukigombana utasema hivyo hivyo."

Alinitazama sana. Nilidhani atanikumbatia, lakini mayu alikuwa dirishani. Akanishika shavu kwa vidole viwili, basi, akaondoka. Nilisikiliza ile bodaboda iliyokuwa ikimngoja mpaka mlio wake ukapotelea barabarani.

Siku nne zile niliziona haziishi. Maziwa yalisafika, na Violeth akapiga simu kushangilia, akasema yule mteja wa soksi amerudi na anaomba samahani. Nikasema vizuri, dada, asante, nikakata simu nikaendelea kuhuzunika. Nkwabi alituma ujumbe mmoja tu: *Nimefika. Mama haongei.* Baada ya hapo hakuna. Nilijisemea kwamba mwanamke mwenye mbuzi saba hafi kwa ajili ya mwanamume. Ni kweli, hafi. Lakini chakula hakipiti.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimemaliza kukamua mbuzi wanne, nikaona mtu anaingia uani. Mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga kitenge cha safari, ana mkoba mmoja. Sura ile ile ya Nkwabi, ila imekazwa zaidi. Ndoo nusura initoke mkononi.

"Shikamoo mama."

"Mbuzi wako wapi?" akasema.

Nikamwonyesha. Alipanda ngazi za banda bila kushikwa mkono. Akawapitia mmoja mmoja: akagusa nyonga, akafungua midomo kutazama meno, akainua kwato. Aligonga mbao za sakafu kwa kisigino kuona kama ni imara. Mimi nilimfuata kama mwanafunzi anayesahihishiwa.

"Huyu hujamkamua."

"Bado, mama."

"Lete ndoo."

Akachuchumaa. Niliona mara moja kwamba mikono ile ilikuwa imekamua maisha yake yote. Maziwa yalipiga ndani ya ndoo kwa mdundo mmoja, na mbuzi, ambaye mimi hunirukia kila asubuhi, akatulia kimya. Alipomaliza akachota kikombe, akanusa, akanywa chote.

"Hayanuki."

"Yalikuwa yananuka. Nilikosea, nilimlaza dume humu ndani."

"Nkwabi ameniambia. Amezungumza siku nne, mpaka kichwa kikaniuma. Sijui maneno hayo alikuwa ameyaficha wapi." Akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, lakini hakusimama. Alibaki amechuchumaa, mkono juu ya mgongo wa mbuzi.

"Mimi nilipokwenda kwa baba yake Nkwabi," akasema, "baba yangu alinipa ng'ombe sita."

Nikachuchumaa karibu naye.

"Wawili walikwenda mahari ya shemeji yangu. Mmoja alichinjwa kwenye msiba wa mkwe. Mmoja alilipa faini, ng'ombe wa nyumbani walipokula mtama wa watu. Wawili wa mwisho walimpeleka baba yake Nkwabi hospitali, na hakupona. Hakuna aliyeniibia. Kila mmoja alikwenda kwa sababu nzuri. Ndiyo inayoniuma mpaka leo, sina hata wa kumlaumu." Akapapasa mgongo wa yule mbuzi mara mbili, tatu. "Ile siku kwenye simu ulidhani nimekasirika kwa ajili ya mbuzi?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikasirika kwa sababu nilimsikia mwanamume anasema, ni wa mke wangu. Nimezaa watoto saba, nimezika mume. Mimi hakuna aliyewahi kunisemea hivyo. Halafu anayesema ni mwanangu, na anamsemea mwingine."

Machozi yakanijaa. Nilitaka kumshika, lakini si mtu wa kushikwa, nikaona. Akasimama mwenyewe, magoti yakalia.

"Sijakupenda bado," akasema. "Nakwambia kweli."

"Sawa, mama."

"Tutazoeana. Mahari tutazungumza na mama yako, nimekuja kwa ajili hiyo. Nkwabi yuko kule barabarani kwa muuza viazi, anaogopa kuja mpaka nimwite." Akatoa simu mkobani, akaitazama, kisha akaishusha. Akanisogelea. Kwa mara ya kwanza alinitazama machoni, na macho yalikuwa mekundu. "Kabla sijamwita, nisikilize. Mbuzi hawa ni wako?"

"Ni wangu, mama."

"Basi usimpe mtu. Usimpe shemeji, usinipe mimi hata nikija nalia. Na huyo mwanangu usimpe. Huyo hasa, kwa sababu atakuomba kwa upole."